Kabla hujanunua mashine ya kuhariri video, fungua kwanza faili za kamera yako

Vijana wanaoingia kwenye kazi ya video hapa Dar hunitumia ujumbe unaofanana: "Shikamoo kaka, nina milioni tatu, nijenge mashine gani ya kuediti?" Jibu langu la kwanza huwa ni swali: unapiga kwa kamera gani, na umeiseti irekodi nini? Wengine hunyamaza, wengine huona nawazungusha. Walitaka nitaje kadi ya grafiki, RTX ya Nvidia, yaishe. Lakini vipuri vya mashine ya kuhariri hutegemea aina ya faili utakazoilisha, na faili hizo zinatoka kwenye kamera.

Chukua Sony A7 III, kamera ya 2018 ambayo bado unaikuta kwenye harusi nyingi za mjini. Inarekodi 4K kwa biti 8 (wingi wa ngazi za rangi), 4:2:0 (kiasi cha taarifa za rangi kinachobaki kwenye faili), kodeki ya H.264 (njia ya kubana video), megabiti 100 kwa sekunde. Faili za namna hiyo kadi yoyote ya miaka ya karibuni inazifungua bila shida. Sasa mwenye kamera anapata hela, anahamia A7 IV, anaweka biti 10 na 4:2:2 ili rangi zivumilie kuchezewa, na kesho yake mashine ile ile inakwamakwama kwenye taimulaini. Anaamini imezeeka. Haijazeeka. Kadi za Nvidia zilizotangulia familia ya RTX 50, iliyotoka 2025, hazina sehemu ya kufungua video ya 4:2:2, hivyo mzigo wote unaangukia prosesa. Hata ukiweka RTX 4090, kadi inayozidi bei ya bodaboda mpya, kwa kazi hiyo moja itakaa inatazama tu.

Anayeiweza kazi hiyo kwa bei ya kawaida ni Intel. Kuanzia prosesa za kizazi cha 11 za mezani, ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa ina kitu kinaitwa Quick Sync, nacho hufungua H.265, kodeki iliyoifuata H.264, ya biti 10, 4:2:2. Hapo ndipo herufi moja inapogeuka kuwa hela. i5-12400 inayo, i5-12400F haina, kwa sababu F maana yake grafiki ya ndani imezimwa. Dukani utaambiwa chukua F, ni nafuu, kwani si unaweka kadi pembeni? Kwa mcheza gemu ushauri huo ni sawa kabisa. Kwa mpiga harusi mwenye kamera ya 4:2:2 si sawa, na muuzaji hana nia mbaya, ni kwamba wateja wake wengi ni wa gemu.

Hata hivyo Quick Sync haifungui H.264 ya 4:2:2. Kwenye Sony, XAVC S ni H.264 na XAVC HS ni H.265. Majina yanafanana, tabia mbalimbali. Canon R6 ikirekodi biti 10 tayari inatoa H.265, kwa hiyo mwenye Canon hana la kuhangaika. Mwenye Sony anayetaka kubaki na XAVC S ya 4:2:2 ana njia mbili: kadi ya RTX 50, inayofungua zote mbili, au kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu, usiku na kuhariri asubuhi. Proksi si aibu. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, tangu toleo la 18 inakuja na programu yake ya kutengeneza proksi, unaiachia folda unakwenda kulala. Ryzen za AMD nazo ni prosesa nzuri, ila grafiki zake za ndani haziifungui 4:2:2, kwa hiyo ukichagua Ryzen, panga na bajeti ya RTX 50 au kadi ya Intel Arc. Unayepiga kwa iPhone usiogope haya yote. Video yake ya HDR (yenye mwanga na rangi pana) ni H.265 ya 4:2:0.

Kuna swali la mashine za mtumba, HP Z440 na Dell Precision T5810 zenye prosesa ya Intel Xeon E5. Ukiziona zinavutia: kasha zito, RAM kubwa, bei ya huruma. Nilifanya kazi na moja kwa muda mrefu, video za kwaya na send-off za HD, na haikunisumbua. Kwa kazi ya 1080p bado naziheshimu. Ila Xeon hizo hazina Quick Sync, Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 ilikwisha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Pawasaplai ya Z440 nayo ni ya HP yenyewe. Ikiungua huwezi kuokoteza nyingine dukani ukachomeka. Kwa 4K ya biti 10, pita mbali.

Kuhusu kadi, swali kubwa ni kumbukumbu yake kuliko namba ya mfano. Anayetumia DaVinci Resolve kwenye 4K na kurundika nodi (hatua za kurekebisha rangi) ataujua ule ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU, yaani ya kadi, imejaa. Ndiyo maana RTX 3060 ya gigabaiti 12, kadi ya 2021, bado naipendekeza mbele ya RTX 4060 ya gigabaiti 8 kwa mtu wa Resolve. Wa Premiere Pro atategemea zaidi prosesa, hivyo kwake tofauti hiyo ni ndogo. Na kabla hujaongeza hela ya kadi kubwa ili usafishe chengachenga za video za usiku, kumbuka kwamba toleo la bure la Resolve halina kifaa hicho kabisa. Kiko kwenye Studio, dola 295, unalipa mara moja na leseni inakubali kompyuta mbili. Studio ndiyo pia inayoiachia kadi kufungua H.264 na H.265 inavyopaswa kwenye Windows. Kwa wengi naona hela hiyo inafanya kazi kubwa kuliko kupanda ngazi moja ya kadi.

RAM: gigabaiti 32, vijiti viwili vya 16, si kimoja cha 32. Ukishafunga, ingia BIOS (mipangilio ya bodi mama) uwashe XMP ili RAM iende kasi yake kamili. Tuendelee.

Kwenye diski, watu hulipia kasi wasiyoitumia. Piga hesabu: megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Kamera tatu zikicheza pamoja ni megabaiti 37.5 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inasoma takriban 550. Kwa hiyo NVMe (SSD ya kasi zaidi inayochomekwa kwenye bodi mama) ya kizazi cha 3 inatosha na chenji inabaki. Za kizazi cha 5 waachie wenye kazi nyingine. Kinachokuumiza ni nafasi. Harusi ya kamera mbili, saa sita kila moja, ni gigabaiti 540 kabla hujaanza kazi, na bibi harusi atarudi baada ya mwaka kuuliza kama "zile mbichi" bado zipo. NVMe ya terabaiti 1 kwa mfumo na programu, ya terabaiti 2 kwa kazi inayoendelea, kisha diski kubwa za kuzunguka kwa kuhifadhi, mbili, zenye nakala zilezile. Diski moja si hifadhi.

Sasa umeme, na hapa sitanii. Pawasaplai zinazokuja bure ndani ya kasha, zimebandikwa stika ya wati 500, zitoe uweke pembeni. i5-12400 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula mpaka wati 117, RTX 3060 inakula 170. Pawasaplai halali ya wati 550 au 650 yenye alama ya 80 Plus (ya ufanisi wa umeme) inabeba zote na kubaki na pumzi. Kwenye UPS, betri ya kukushikilia umeme ukikatika, usisome VA peke yake. Nyingi za bei rahisi zenye 1000 VA zinatoa wati 600 tu, zikikusaidia dakika chache uokoe kazi na kuzima. Usitegemee kurenda filamu ya harusi juu ya UPS. Na soketi iwe na ethi ya kweli. Mwite fundi umeme aipime.

Joto la pwani nalo lina hesabu yake. Chumba cha Februari bila AC kinaweza kufika nyuzi 32, na hewa hiyo ndiyo inayopoza prosesa. Chagua kasha lenye wavu mbele, ukiache la kioo lililofungwa uso hata kama taa zake zinapendeza. Vumbi lipulizwe mara kwa mara.

Ukiangukia i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14, sasisha BIOS kabla ya kazi yoyote. Zilikuwa na tatizo la volteji lililozifanya zichakae, na Intel ilitoa marekebisho ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) mwaka 2024. Iliyotumika ya aina hiyo sinunui. Huwezi kujua imeendeshwa vipi kabla.

Siku ya kununua Kariakoo, nenda na flashi yenye klipu zako mwenyewe. Kadi iliyotumika ifungulie GPU-Z hapo hapo, maana kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu zijiite GTX 1050 Ti, na GPU-Z huzifichua. Cheza klipu zako, angalia kwenye Task Manager kama ni kadi inayohangaika au prosesa. Kisha dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho (serial number) ya kila kipuri iandikwe kwenye karatasi ya dhamana kabla hujatoka dukani.