Nilikula ada ya mama, kisha nikataka anisifu

Mwaka 2011 nilichukua ada ya chuo cha ualimu nikanunua cherehani. Zilikuwa pesa za korosho za mama. Enzi hizo malipo ya stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa risiti na kusubiri ziuzwe, yalikuja kwa awamu, na yeye alisubiri awamu ya pili kwa miezi ili mimi nisome. Nikaaga Newala na begi la chuo, nikashukia Mtwara mjini, nikapanga chumba.

Miaka minne sikukanyaga nyumbani. Nilijidai simhitaji. Lakini kila gauni nililolimaliza nililitundika ukutani nikijiuliza mama angesemaje. Nikituma picha kwa simu ya kaka, jibu lilirudi neno moja: "Nimeona." Nililia kwa neno hilo kuliko ningelia kwa matusi.

Binti uliyegombana na mama yako, nakwambia hili kwa uchungu: nilidai sifa kabla ya kulipa deni. Kama ulimuumiza, litaje kosa lenyewe. "Nisamehe kama nilikukosea" haimfikii mtu. Mimi nilisema, "Mama, nilikula ada yako," nikaanza kuirudisha kidogokidogo kila Januari, msimu wa sare za shule.

Na usiende peke yako kama mambo yameharibika sana. Kwetu Wamakonde mtoto huhesabiwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Mjomba ndiye aliyetangulia kukaa barazani kwa mama, mimi nikasubiri chini ya mkorosho mpaka nilipoitwa. Nikapiga shikamoo. Marahaba ilichelewa, ikaja.

Usimkalishe kitako ukamhoji kwa nini hakupendi. Maneno ya kweli yalitutoka siku tuliyokuwa tunabangua korosho, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze, kila mmoja macho kwenye jiwe lake. Hapo ndipo aliponiambia kwamba bibi hakuwahi kumsifu hata siku moja, kwa kuogopa kijicho: mtoto akisifiwa mbele za watu, ataharibikiwa. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, kuwa yeye aliachishwa shule darasa la tano, baada ya kuchezwa unyago, na mwalimu wake alikuja mara mbili kumwombea arudi. Nilidhani nimeukataa ualimu wangu. Kumbe niliutupa wa kwake.

Sikurudi kusoma, na simwambii yeyote aache kazi anayoipenda ili mama afurahi. Wala si kila mama atalainika. Kama wako anakupiga au anakudhalilisha, msalimie kwa mbali, usijilaumu. Ila kama ni ukimya tu, kaa naye mikono ikiwa kazini. Menya naye mihogo, chambua naye kisamvu. Usiulize sana.

Mwaka jana mama alishuka basi na kitenge kipya kwapani. Alikaa kwenye benchi akangoja zamu yake nyuma ya wateja wawili. Ilipofika, akauliza bei. Nikamwambia, "Mama, wewe tena? Nakushonea bure."

Akakunja uso. "Kwani hii si kazi yako?"

Akafungua fundo kwenye ncha ya kanga, akahesabu shilingi 15,000, akaziweka juu ya meza ya kukatia. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikachukua futi kamba nikaanza kumpima mabega.