Komyuniti koleji au junia koleji? Mkuu, usilipe kwanza

Mkuu, hiyo hela ya kushika nafasi usiitume. Unasema mdogo wako kapata vyuo viwili vya Texas, kimoja junia koleji, kingine komyuniti koleji, na unauliza tofauti, hosteli, na kama ataruhusiwa kufanya kazi. Sawa. Ila ulipoandika kwamba wakala kamshauri achukue AAS (cheti cha miaka miwili cha ufundi) ya mitandao ya kompyuta, "halafu mwaka wa tatu anahamia chuo kikuu", chai yangu imepoa mezani.

Majina yasikusumbue. Chuo cha Joliet kule Illinois kilianza 1901 kama junia koleji, kazi yake kufundisha miaka miwili ya mwanzo ya digrii. Baadaye vyuo vya namna hiyo vikaongeza ufundi, masomo ya jioni na watu wazima wa mtaani, na tangu kamisheni ya elimu ya juu ya Rais Truman ya 1947 jina la komyuniti koleji likashika. Joliet hadi leo kinajiita Junior, Tyler cha Texas vilevile, na vyote ni vyuo vya umma vya jamii. Basi.

Kinachoua ni herufi. AA na AS, nazo vyeti vya miaka miwili, zimetengenezwa kwa anayehamia chuo kikuu. AAS imetengenezwa kwa anayekwenda kazini. Mimi nilibeba AAS, kwa sababu wakala wangu pale Dar, tai nyekundu, bendera ya Marekani ukuta mzima, aliniambia, "Digrii ni digrii bwana, Wamarekani hawabagui." Baadaye nikagundua jamaa hata Namanga hajawahi kuvuka.

Nikasoma miaka miwili, krediti 60 (vipimo vya masomo vinavyojumlishwa kupata digrii), A zimejaa. Nafika chuo kikuu kusaka sayansi ya kompyuta, dada wa usajili akanigeuzia skrini: zinazohesabika 21. Yaani 39 zimekufa, na kila moja nililipa dola 210. Piga hesabu mwenyewe, dola 8,190. Mama aliuza kiwanja cha Kibaha kwa ajili ya hizo. Nilimpigia simu nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Ilikuwa kweli kidogo, maana mtandao ndio niliousomea.

Na usidhani sikuuliza. Mshauri wa pale koleji nilimuuliza kama krediti zinahamishika, akasema ndiyo. Hakudanganya, na hilo ndilo linaloniuma. Zilihamishika, zikaingia kwenye transkripti, yaani rekodi ya masomo, kama masomo ya ziada, zikakaa pale kama mgeni asiyepewa kiti. Kuhamishika na kuhesabika ni vitu viwili. Zipo digrii za BAAS, digrii za kwanza za fani za vitendo, zinazozipokea AAS vizuri, lakini hiyo siyo niliyoitaka. Nikaanza upya na historia ya Marekani na katiba ya Texas, mimi ambaye diwani wa kata yetu simjui kwa sura.

Kwa hiyo afanye hivi, hata kabla ya kujisajili: achague chuo kikuu anachokitaka na digrii anayoitaka, akiandikie barua pepe CHUO KIKUU, siyo koleji, aweke namba za masomo yote, aulize kila moja linajaza nafasi gani kwenye digrii ile. Jibu liwe la maandishi. La simu halina kazi, mimi nilikuwa na la simu. Texas kuna masomo ya msingi ya krediti 42 ambayo vyuo vya umma vinapokeleana. Aanze na hayo, ENGL 1301 (uandishi wa Kiingereza) na wenzake. Tarakimu ya pili ya namba ya somo ndiyo krediti, hiyo 3, asije akadanganywa hata hapo. Akikuta orodha aliyopewa imejaa ITNW, herufi za masomo ya ufundi wa mitandao, ajue anapelekwa kufunga nyaya.

Hosteli na kazi tutaongea baadaye. Kwanza niambie, huyo wakala wenu anavaa tai ya rangi gani?