Kwa nini kanuni ya youtube.com/shorts haikamati kwenye HTTPS

Mkuu, umeeleza kwamba umezuia youtube.com/shorts kwenye fayawoli ya ofisi na vijana bado wanatazama kama kawaida. Halafu ulipozuia facebook.com nzima, badala ya ukurasa wa "umezuiliwa" kivinjari kikaanza kulalamikia cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha tovuti. Mimi hushughulikia mitandao ya mawakala wa forodha hapa Mombasa, Kilindini mpaka Nyali, na malalamiko haya nayajua vizuri.

Kanuni yako haina kosa la tahajia. Kifaa kinapoanza kuongea na seva kwenye poti 443, mlango wa HTTPS, ujumbe wa kwanza hubeba jina la seva waziwazi, sehemu inayoitwa SNI. Washa tcpdump, programu ya kunasa trafiki ya mtandao, uangalie: utaona www.youtube.com inasomeka kabisa katikati ya takataka za herufi, kisha basi. Chochote kinachofuata mkwaju (/) kinapita kimefungwa, kwa hiyo neno "shorts" fayawoli hailioni hata siku moja. Zamani ungechungulia pia cheti cha seva, ila TLS 1.3, toleo la mwaka 2018 la usimbaji wa HTTPS, inakisimba nacho.

Kabla hujagusa kanuni nyingine, funga UDP 443. Chrome na programu za Google hukimbilia QUIC, itifaki inayopita kwenye UDP badala ya TCP, na fayawoli nyingi huchuja TCP peke yake. Ukiifunga, kivinjari chenyewe hurudi kwenye TCP bila mtumiaji kujua lolote. Kisha lazimisha maombi yote ya DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, yapitie seva ya ofisi, na uzuie seva zinazojulikana za DNS kupitia HTTPS (DoH). Firefox ina mlango wake: DNS yako ikijibu kwamba use-application-dns.net haipo, huacha kutumia DoH iliyowashwa yenyewe, isipokuwa mtu aliyeiwasha kwa mkono wake. Kuidhibiti DNS kunasaidia pia dhidi ya ECH, inayoficha hata hilo jina la seva, kwa sababu funguo zake huletwa na DNS.

Sasa, kufumbua trafiki, yaani kuifungua iliyosimbwa ili fayawoli iisome. Hapo fayawoli inakaa katikati, inatoa cheti chake yenyewe, na kila kifaa lazima kikubali kuiamini. Kompyuta za ofisi ni rahisi, unakisambaza cheti kutoka seva kuu ya Windows. Simu za wafanyakazi sahau. Tangu Android 7, programu haziamini cheti alichoweka mtumiaji mpaka mtengenezaji wa programu aruhusu, na nyingi za benki zinakubali cheti chao tu. Ofisi moja waliwasha ufumbuaji kwa kila kitu, na siku ya mishahara mhasibu akashindwa kuingia benki. Nilibonyeza ile kufuli kwenye kivinjari: mtoaji wa cheti alikuwa fayawoli, si kampuni ya vyeti. Benki, hospitali na mifumo ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ziweke kwenye orodha ya kutofumbuliwa, na kanuni hiyo ikae juu, maana kwenye fayawoli nyingi husomwa kutoka juu kushuka na ya kwanza kulingana ndiyo inayoamua. Wafanyakazi nao waambiwe kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si ya kuchezea.

Hata ukifumbua, Shorts hutaiweza yote. Mtu akishaingia YouTube, kubofya video hakuleti ukurasa mpya; data huombwa kupitia /youtubei/v1/, njia ileile inayotumiwa na video nyingine. Kanuni yako itamnasa aliyebandika kiungo tu. Mimi ningezuia YouTube nzima kwenye mtandao wa kazi, pamoja na googlevideo.com zinakotoka video zenyewe, na simu nikazipa waifai yake kwenye VLAN nyingine, yaani mtandao uliotengwa, yenye kasi ndogo. Kelele zitapungua pande zote mbili.

Ule ukurasa wa "umezuiliwa" hauwezi kufika salama kwenye kifaa kisichoamini cheti chako, kwani ni fayawoli inajifanya Facebook. Iwekee ikate muunganisho tu.

Ukibadilisha kanuni, futa miunganisho iliyo wazi kwenye fayawoli na ufunge kivinjari kabisa kabla ya kujaribu. Kipindi kilichofunguliwa awali mara nyingi huendelea kupita, nawe utadhani kanuni mpya haifanyi kazi.