Mtoto Amefia Tumboni: Nani wa Kudai?

Wakili, binti yangu alishikwa na uchungu usiku, akaambiwa asubiri. Alfajiri mtoto akatoka amekufa. Mashemeji zake wanasema ambaye hajazaliwa si mtu, kwa hivyo hakuna kesi. (Bibi, Likoni)

Pole sana, mama. Kesi ipo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26(2), inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Mashemeji huenda wamesikia kifungu cha 214 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho humhesabu mtoto kuwa mtu anayeweza kuuawa akishatoka mzima mwilini mwa mamake. Hicho ni cha jinai. Katika madai ya uzembe, mdai ni binti yako mwenyewe: ndiye aliyekuwa mgonjwa, ndiye aliyeachwa bila kuangaliwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini alipwe shilingi milioni 2.5 kwa kuvunjiwa haki zake.

Mtoto wetu naye alitoka amekufa, tukamzika siku ile ile. Ushahidi tutautoa wapi? (Baba, Kisauni)

Kwenye faili ya hospitali, bwana, na uiombe upesi. Tafuta patografu, ile karatasi yenye miraba ambapo mkunga huandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kufunguka kwa mlango wa kizazi kila saa nne. Tazama saa zilizoandikwa. Mapigo yakiishia saa nane usiku na yasionekane tena hadi saa kumi na moja, daktari bingwa atakayekuandikia ripoti ana pa kuanzia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mkeo haki ya kupata taarifa zake. Wakikuzungusha, andika barua, na nakala yako ipigwe muhuri wa mapokezi.

Kuzika mapema hakuui kesi. Upasuaji wa maiti husaidia, lakini huo ni uamuzi wa familia, na simlaumu aliyeukataa.

Mtoto wangu alizaliwa hai ila hakulia. Ana miaka miwili, hajaweza kuketi. (Mama, Changamwe)

Huyo ana kesi yake mwenyewe, hata kama uzembe ulitokea akiwa tumboni. Wewe utaifungua kwa niaba yake. Madai yako wewe lazima yafunguliwe ndani ya miaka 3, na dhidi ya serikali ndani ya miezi 12 tu. Muone wakili wiki hii, dada yangu. Wakunga huhamishwa, mafaili hupotea.

Sina pesa za wakili. (Msomaji, Mvita)

Peleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari, au la Wauguzi ikiwa ni mkunga. Huhitaji wakili kuyaandika.