Shilingi 10,000 kwa kila msichana: je, ujira huu wa udalali ni halali?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa Kisauni. Kuna wakala hunipa shilingi 10,000 kwa kila msichana ninayempelekea. Nimempelekea watatu. Wawili ni watu wazima. Waliambiwa watauza duka Saudia, kufika wakapewa kazi za nyumbani. Mmoja amenyang'anywa pasipoti na ana miezi minne hajalipwa. Wa tatu ana miaka 15, tulimtoa Kaloleni kwa ridhaa ya babake, sasa yuko Nairobi, mtumishi wa nyumbani. Sikumlazimisha mtu. Je, pesa hizi ni haramu?

JIBU: Waalaykumu salaam. Udalali wenyewe hauna ubaya, mama. Mtu akimuunganisha mtafuta kazi na mwajiri, kazi ikiwa halali na kila jambo likiwa wazi, ujira wake ni wake. Lakini hapa kazi iliyotajwa siyo iliyokuwepo. Mtume (s.a.w.) amesema, "Mwenye kutughushi si katika sisi." Kwa hiyo pesa hizo si halali kwako.

Unasema walikubali. Walikubali duka. Ridhaa iliyopatikana kwa uongo si ridhaa, katika fiqhi (sheria ya Kiislamu) na katika sheria ya Kenya ya 2010 ya kupambana na biashara ya kusafirisha watu. Sheria hiyo hutazama mambo matatu: kitendo (kutafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumficha), njia (nguvu, hadaa, au kumlipa mwenye mamlaka juu yake), na lengo, ambalo ni kumnyonya. Akiwa chini ya miaka 18, njia haiulizwi kabisa, na ridhaa ya baba haimwokoi yeyote. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Aliyetafuta msichana ametajwa sawa na aliyempokea.

Wako wanaosema utumwa ulikwisha zamani. Nao hupita Kengeleni hapa Mombasa kila siku, palipowekwa makazi ya watumwa walioachwa huru miaka ya 1870! Katika hadithi ya Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema kuna watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akamfanyisha kazi, asimpe ujira wake. Pima mwenyewe kisa chako kimegusa mangapi.

Toba yako haitimii kwa istighfari (kumwomba Mungu msamaha) peke yake, kwa sababu kuna haki za waja, yaani za watu uliowadhulumu. Elfu 30 hizo wapelekee wasichana au familia zao. Usizitie kwenye sanduku la msikiti ilhali wenyewe wanajulikana. Sadaka ni pale mwenye haki asipopatikana.

Anza na mtoto. Leo hii piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, au nenda ofisi ya watoto, utaje nyumba aliko. Usimpigie mwajiri kumwonya, wala usiende kumchukua kimyakimya: atahamishwa, nanyi mtampoteza.

Kwa aliyenyang'anywa pasipoti Saudia, andika jina la mwajiri, simu yake, mji na mtaa, namba ya pasipoti, jina la wakala, na nakala ya mkataba ikiwa ipo. Familia iyapeleke polisi na kwa ubalozi wa Kenya, Riyadh. Asikimbie ovyo, isipokuwa maisha yake yamo hatarini. Huko mwajiri huweza kumripoti kuwa ametoroka, wanaita "hurubu", na mdai mshahara akageuka mtafutwa. Akiweza, atume mahali alipo kwa simu, kisha afute ujumbe.

Na anayetaka kusafiri kesho? Wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usajili huo hukaguliwa, haukisiwi kwa uzuri wa ofisi. Mkataba wa kazi ya nje lazima uthibitishwe na afisa wa leba kabla ya safari. Usomwe kwa lugha anayoielewa msichana, na nakala moja ibaki kwa mamake. Akiambiwa mkataba atautia sahihi akishafika, asiondoke.

Wewe pia utaulizwa na polisi. Tafuta wakili kwanza, kisha useme kweli yote, na jina la wakala ulitaje. Wallahu a'lam.