Usibomoe banda kwa ajili ya malisho: jibu la aliyefuga nguruwe nje miaka tisa

Mkuu, umesema una ekari mbili na nguruwe kumi na wawili bandani, chakula kinakumaliza, na sasa unataka kubomoa banda uwaachie nyasi ili gharama ya chakula ishuke nusu. Mimi nafuga nguruwe nje mwaka wa tisa huu, na nilianza kwa hesabu hiyo hiyo. Naomba univumilie niandike kirefu, maana kosa la jambo hili halionekani mapema. Linakuja kujitokeza msimu wa pili au wa tatu, ardhi ikiwa imeshachoka na hela yako imelala kwenye nyaya za uzio.

Hiyo nusu ifute kwenye daftari kwanza. Nguruwe si ng'ombe. Tumbo lake ni moja kama letu, nyasi ngumu zinampita tu. Jike mzima mwenye mimba anaweza kupata sehemu ya maana ya mlo wake kwenye malisho mazuri, hasa yakiwa na mikunde na majani machanga. Ila nguruwe anayekua anahitaji nguvu na protini ambazo jani halimpi. Halafu nje anatembea kutwa, ananyeshewa, anapigwa na baridi ya usiku, na vyote hivyo vinakula chakula. Kwangu mimi, kilo moja ya nyama ya nje imekula chakula kingi kuliko ya bandani, kila mwaka. Mwaka wa kwanza niliwapunguzia wanaokua theluthi ya chakula nikitegemea nyasi. Walirefuka, mbavu zikahesabika, na muda wa kuwauza ulipofika wakabaki na mimi miezi miwili zaidi wakiendelea kula. Sijarudia tena.

Kwa hiyo ukiwatoa nje, watoe kwa faida nyingine, na zipo za kweli. Kikohozi cha bandani kiliisha kwangu. Kung'atana mikia kuliisha. Watoto wanaozaliwa nje wanapata madini ya chuma kwenye udongo, wakati wa bandani unawachoma sindano siku za mwanzo. Na majike wanaotembea wanazaa kwa wepesi kuliko wale niliokuwa nawafungia. Haya ndiyo yananifanya nisirudi nyuma, si bei ya chakula.

Sasa kinachomshinda mfugaji mdogo. Watu wanadhani ni uzio. Mimi nasema ni ardhi ya kupumzisha.

Nguruwe kazi yake ni kufukua. Lile pua gumu la duara ni jembe na ni mkono wa kupapasia kwa pamoja; analizamisha, anasukuma mbele, anageuza bonge la udongo, anatafuta mizizi, minyoo na wadudu. Kiangazi udongo ukiwa mgumu utawaona wanakula juu juu, utafurahi. Subiri mvua. Niliwahi kuwa na nguruwe idadi kama yako kwenye robo ekari iliyokuwa kijani kibichi. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na asubuhi ya siku ya nne nilisimama langoni sioni jani hata moja. Tope lilikuwa linafika nusu ya buti, na penye hori na chombo cha maji udongo ulishindiliwa mpaka maji yanatuama juu. Mvua zilipokatika pale pakawa pagumu kama sakafu, na nyasi zenyewe sikuziona tena msimu mzima, yaliota magugu. Kipande kile kina mteremko kidogo, udongo wa juu ulishuka na maji hadi kwenye mfereji.

Wapo wanaovisha pete puani ili wasifukue. Nilijaribu kwa majike watatu nikazitoa. Nguruwe aliyezuiwa kufukua kwa maumivu amenyang'anywa kitu anachoishi nacho, na siwezi kumtoa bandani kwa kumhurumia kisha nimfanyie hivyo. Ninachofanya ni kuwahi. Nikiona theluthi ya kipande imegeuzwa nawahamisha, hata kama bado kuna majani mengi. Hori na maji navisogeza kila baada ya siku chache. Na mvua kubwa ikianza wote wanaingia bandani kwenye matandazo mazito mpaka udongo ukauke kidogo. Ndiyo maana nakwambia usibomoe. Bila banda, siku ya mvua huna pa kuwaweka isipokuwa juu ya malisho yenyewe.

Jambo la pili linahusu ardhi hiyo hiyo, ila halionekani kwa macho. Nilichinja nguruwe mmoja aliyeonekana mzima kabisa, ngozi inang'aa, anakula vizuri. Mchinjaji akaniita nione ini. Lilikuwa na mabaka meupe kila mahali, kama limemwagiwa maziwa matone matone. Hiyo ni njia ya viluwiluwi vya minyoo mikubwa ya nguruwe vikipita kwenye ini kuelekea mapafuni. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai laki kadhaa kwa siku, na mayai hayo yana ganda gumu, yanaweza kukaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli kwa miaka. Nasema miaka, si wiki. Mtu akikwambia pumzisha kipande miezi miwili minyoo itakufa, huyo anazungumzia nyasi kuchipua, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kwa hiyo dawa ya minyoo peke yake haikutoi. Unamtibu nguruwe leo, kesho anaokota mayai pale pale alipoyaacha. Nilichokuja kukishika baada ya lile ini ni hiki: jike anapewa dawa wiki chache kabla ya kuzaa na anaoshwa kiwele na mwili kabla ya kuhamia pa kuzalia, watoto walioachishwa kunyonya wanapata kipande safi kuliko vyote nilivyonavyo, na kipande kilichokaliwa na nguruwe kinageuzwa shamba, kinalimwa mazao misimu kadhaa kabla hawajarudi. Mara mbili kwa mwaka napeleka kinyesi kikapimwe, ili nijue natibu nini. Ukipiga hesabu ya mzunguko huo kwenye ekari mbili utaona wazi kwamba nguruwe kumi na wawili wa nje muda wote hawaenei.

Halafu choo. Kila anayeishi au kufanya kazi kwenye shamba lako lazima awe na choo anachokitumia kweli, chenye mlango, ambacho nguruwe hafiki. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, vifuko vya mnyoo vinakaa kwenye nyama yake, na mayai ya tegu yakimwingia binadamu yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hili silijadili na mtu.

Uzio sasa, na hapa siandiki sana. Nyaya mbili za umeme zinatosha kwa wakubwa, moja kama sentimita 20 toka chini na nyingine 45. Tatizo ni mafunzo. Nguruwe asiyejua umeme akipigwa anakimbilia mbele, anapita nao. Mfundishe ndani ya ua wa mbao imara: pitisha waya kwa ndani, hatua moja kutoka kwenye mbao. Wangu nakaa kuwaangalia. Anakuja ananusa waya kwa ncha ya pua yenye unyevu, anapiga kelele, anarukia mbele anakutana na mbao, anarudi nyuma. Mara ya pili anasogea taratibu, anasimama, masikio yamelala mbele, halafu anageuka mwenyewe. Siku mbili tatu tu zinatosha. Ukishawafundisha hivyo utakutana na shida nyingine: ukitoa waya ili wahamie kipande kipya hawavuki pale ulipokuwa. Wataona majani mabichi mbele yao na watasimama. Weka lango la mbao kila unapotaka wapite, waya usipite hapo kabisa. Na kila asubuhi tembea mstari mzima, maana wanafukua na kurundika udongo juu ya waya wa chini, nyasi nazo zinaugusa, umeme unaishia ardhini. Kiangazi mwagia maji kwenye vyuma vya ardhini, vile vinavyorudisha umeme kwenye mashine ya uzio, maana udongo mkavu hauupitishi vizuri.

Jua. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza, na mwenye ngozi nyeupe anaungua mgongo mpaka malengelenge. Jike aliyeungua hakubali kupandwa. Kivuli na dimbwi la matope ni lazima. Maji pia: anayekaribia kuuzwa anaweza kunywa lita 10 na zaidi kwa siku, jike anayenyonyesha lita 20 hadi 40. Bomba jeusi lililolala juani linatoa maji ya moto mchana, nao hawayanywi. Lifukie.

Na mwisho homa ya nguruwe, ile ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na mwaka 2018 ikaingia China. Haina tiba, ikiingia inaweza kumaliza kundi zima. Bandani unafunga mlango. Malishoni mlango wako ni urefu wote wa uzio. Nguruwe pori na ngiri wanaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili, kwa hiyo uzio mmoja wa nyaya mbili hautoshi kama eneo lako linapitiwa nao. Weka wa pili kwa nje, wasigusane pua. Mgeni haingii na viatu vyake. Mabaki ya nyama ya jikoni usiwape kamwe. Tangazo la ugonjwa likitoka, mamlaka za mifugo zinaweza kukutaka uwafungie ndani siku hiyo hiyo, na hapo tena utalitafuta banda.

Ningekuwa mimi na ekari zako mbili, ningeacha wanaokua bandani, nikawakatia majani mabichi nikawaletea, na kuwatoa nje majike wenye mimba tu, watatu au wanne. Ningegawa eneo vipande sita, viwili vya nguruwe kwa zamu na vingine vikiwa na mazao au vinapumzika. Ningefanya hivyo mwaka mzima, mvua na kiangazi, kabla ya kununua waya zaidi.

Tuandikie udongo wako ni wa mfinyanzi au kichanga, mteremko unaelekea wapi, na maji unayatoa umbali gani. Nitakuchorea jinsi ya kuvigawa.