Gurudumu "ya" meno halipati hataza

Mwalimu mmoja wa ufundi mitambo kule Jinja ameniandikia: "Wanafunzi wangu wamebuni hoisti ya kupandisha saruji na matofali kwenye jengo, na tunataka kuombea hataza. Je, tuseme 'mtihani wa hataza' ama 'uchunguzi wa hataza'? Na hoisti yenyewe tuite hoisti ama lifti?" Chini ya swali ameambatanisha maelezo ya mtambo wao, kwa Kiswahili, ili nimwambie kama yanasomeka.

Jibu la kwanza ni fupi. Hataza, yaani "patent", ni haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Sema uchunguzi. Mtihani tumeupata kwa Waarabu, imtihan, nao humpima mtu, na hoisti haiketi darasani ikatafuna kalamu. Ukaguzi pia upo, ila wake ni wa baadaye: mtambo ukishafungwa kwenye jengo, mkaguzi huja kutazama kama breki inashika. Anayesoma ombi lako ofisini na kuuliza kama kuna mtu duniani aliyewahi kulitengeneza jambo hilo kabla yako, huyo anachunguza.

Sasa, mwalimu, tuje kwenye yale maelezo uliyoambatanisha. Nayanukuu yalivyo: "Mtambo iko na gurudumu ya meno kwenye reli ya mlingoti ya kizimba yenye inazungushwa na mota yenye inapanda juu."

Ssebo, yaani bwana wangu, kitu gani kinazungushwa?

Wewe unajua, kwa sababu umesimama mbele ya mtambo wenyewe. Mchunguzi hana mtambo. Ana karatasi. Na kwenye karatasi hii kuna gurudumu, reli, mlingoti na kizimba, vyote vinne vimevishwa "ya" moja, kisha vikafuatwa na "yenye" ambayo haijulikani imemtazama nani. Kama ni gurudumu linalozungushwa, tuna hoisti. Kama ni mlingoti unaozungushwa, tuna mashine ya kukoroga zege. Kama ni kizimba kinachozungushwa, abiria watashuka wakitapika. Na kama ni reli inayosogea huku gurudumu likibaki mahali pake, basi mmebuni usukani wa gari. Sifanyi mzaha. Usukani wa magari mengi ya leo hufanya kazi hivyo hasa: kigurudumu cha meno mwishoni mwa mhimili wa usukani hakihami, hujizungukia tu palepale, na reli ya meno ndiyo inayosukumwa kushoto na kulia kuvuta matairi. Kwenye hoisti mambo yamegeuzwa. Reli imefungwa kwenye mlingoti na haisogei hata kidogo, gurudumu ndilo linalopanda jino kwa jino, na mota imebebwa na kizimba chenyewe, inapanda nacho. Vyuma ni vilevile, meno ni yaleyale. Kinachotofautisha mtambo mmoja na mwingine ni nani kasimama na nani anakwenda, na hilo ndilo sentensi yako imelimeza.

Angalia bahati uliyoitupa. Gurudumu ni la. Reli ni ya. Mlingoti ni wa. Kizimba ni cha. Vifaa vinne vikuu vya mtambo wako vimeangukia ngeli nne tofauti, kana kwamba aliyeipanga lugha hii alikuwa na hoisti akilini. Andika "linalozungushwa", na hakuna mchunguzi duniani atakayedhani unasema mlingoti. Andika "kinachopanda", na reli imeshatoka kwenye kesi. Wanasheria wanaoandika kwa Kiingereza madai ya hataza, yaani zile sentensi zinazotaja hasa kile mvumbuzi anachodai ni chake, hawana neema hiyo, ndiyo maana maandishi yao yanachosha: kila baada ya maneno matatu hurudia "gurudumu hilo lililotajwa", "reli hiyo iliyotajwa", wakiogopa kiwakilishi kitamshika mtu asiye wake. Sisi tumepewa bure kile ambacho wao wanakitafuta kwa jasho, halafu tunakitupa jalalani na kuandika "yenye".

Hiyo "yenye" nayo ina kesi yake. Yenye ni ya kumiliki: reli yenye meno, nyumba yenye bati. Hufuatwa na jina. Kuibandika mbele ya kitenzi, "yenye inapanda", ni kumpa mpishi usukani. Ninajua imeenea Nairobi na sasa imevuka Busia na Malaba pamoja na malori. Iendelee na safari yake, lakini isiingie kwenye madai ya hataza.

Kuna watakaoniambia kwamba ngeli za Kiswahili ni ngumu, kwamba sisi Waganda hatukuzaliwa Unguja. Utetezi huu nimeusikia mpaka masikio yamechoka. Muulize Muganda anayeumwa jino aseme kwa Luganda. Atasema "erinnyo lyange linnuma". Hawezi kukosea. Hata akiwa amevimba shavu, hata akiwa na homa, jino litabaki na "lyange" yake na "li" yake. Mti wake ukianguka, "omuti gwange gugudde". Kikombe kikianguka, "ekikopo kyange kigudde". Nyumba ikianguka, Mungu apishe mbali, "ennyumba yange egudde". Kila kitu kinaanguka kwa kiambishi chake. Kisha mtu huyohuyo anaingia kwa daktari anayezungumza Kiswahili na kusema "jino yangu inauma, mti yangu imeanguka, kikombe yangu imeanguka". Kwao jino ni lyange, kwa Kiswahili ni langu. Jirani zaidi ya hapo unataka nini? Mtoto wa Kiganda wa miaka minne akisema "erinnyo yange" bibi yake atamcheka mpaka alie. Bibi huyohuyo akisikia "jino yangu" anadhani ndiyo Kiswahili sanifu.

Ndugu zetu wa Gulu na Lira, kule kaskazini, nawasamehe mapema. Kiacholi na Kilango havipangi majina kwa ngeli namna hii, kwa hiyo mtu wa huko anajifunza jambo jipya kabisa, na wengi wao hulijifunza vizuri kutushinda sisi tulionyonya ngeli pamoja na maziwa.

Chanzo chake kinajulikana. Kiswahili kilitufikia zaidi kwa njia ya kambi: askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, kisha polisi, kisha magereza. Kambini amri hutakiwa iwe fupi, na "ile kitu lete hapa" inatosha kabisa kumfanya kuruta akimbie. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa aliyekuwa raia wakati ule, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayeuliza umetoka wapi. Nani angemrekebisha ngeli? Lakini mambo yamebadilika. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima shuleni, msingi na sekondari. Lugha ya kumsimamisha mtu barabarani sasa inaombwa ieleze mashine, na "ile kitu" haielezi mashine.

Nirudi kwa mchunguzi, maana yeye ndiye atakayekutoza gharama ya haya yote. Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014, kama sheria za hataza kwingineko, inataka uvumbuzi uwe na mambo matatu: uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na uweze kutumika viwandani. Kupitia hayo mawili ya kwanza ndiko kugumu, kwa sababu gurudumu la meno juu ya reli ya meno ni jambo la kale. John Blenkinsop alipewa hataza ya reli ya namna hiyo Uingereza mwaka 1811, na mwaka uliofuata garimoshi lake lilikuwa likivuta makaa ya mawe huko Leeds. Mwaka 1869 Wamarekani walipanda Mlima Washington kwa meno, na mwaka 1871 Waswisi wakapanda Rigi. Hoisti za wajenzi zenye meno zimejaa duniani. Kwa hiyo, mwalimu, wanafunzi wako hawatapewa hataza kwa kusema "gurudumu la meno hupanda reli". Kama wana kipya, kitakuwa kitu kidogo: namna magurudumu mawili yanavyogawana uzito, au namna breki ya usalama inavyonasa kizimba kikianza kuporomoka. Na kitu kidogo kwenye mtambo hukaa ndani ya kitu kidogo kwenye sentensi.

Breki ile ni mfano mzuri, maana hapo hata ngeli haitoshi. Hoisti ya aina hii huwa na gurudumu jingine la meno ambalo halina mota. Hoisti ikipanda au kushuka, reli ndiyo inayolizungusha. Mwendo ukizidi kipimo, vyuma vizito vilivyo ndani hutanuka kwa kani ya mzunguko, vinanasa, na breki inakaza polepole mpaka kizimba kisimame. Sasa tuna magurudumu mawili, yote la. Moja linazungushwa na mota, jingine linazungushwa na reli, nalo ndilo linaloiamsha breki. Hapa usiiachie "lililo" peke yake kazi yote. Yape majina: gurudumu la kupandishia, gurudumu la usalama, na usiyabadilishe mpaka nukta ya mwisho. Fanya hivyohivyo kwa mota, reli na breki, maana zote tatu ni za ngeli moja na "iliyofungwa" inaweza kumshika yeyote kati yao. Na chunga ile "w" ya linazungushwa. Ikidondoka, gurudumu linaanza kuizungusha mota, na mmebuni jenereta.

Ombi lenyewe, liwe la URSB, ofisi ya serikali ya usajili hapa Kampala, au la ARIPO, shirika la Afrika la hakimiliki kule Harare, mtaliandika kwa Kiingereza, hilo halikwepeki. Lakini kama wanafunzi wako hawawezi kusema kwa lugha wanayofundishwa nini kinashika nini, mwanasheria atawatafsiria uvumbuzi ambao si wao. Waanze na hii:

"Mtambo una gurudumu la kupandishia lenye meno, linalozungushwa na mota na kushikana na reli ya meno iliyofungwa kwenye mlingoti uliosimamishwa kando ya jengo; na kizimba kilichobeba mota hiyo, kinachopanda na kushuka pamoja nayo."

Hapo hakuna kipya cha kuombea hataza bado, ila kila mtu yuko mahali pake. Baada ya "pamoja nayo" waongeze kile walichokibuni wao, na viambishi vyake.

Kuhusu hoisti au lifti: lifti ni ya watu, ya hospitali na hoteli. Ile ya saruji mafundi wa Kampala wanaiita hoisti, na hawataiita kitu kingine hata tukae vikao mwaka mzima. Iandike hoisti. Ila ni hoisti ya, si hoisti la. Nimeshaliona na hilo.